Msituambie Ukungu Ndio Urembo

Kila panapozungumzwa kamera za kujiundia, kuna kauli moja ambayo sasa imepewa hadhi ya kanuni. Inasema kwamba kamera ya mbao iliyotengenezwa na fundi wa mtaani, yenye kioo cha kukuzia maandishi mahali pa lenzi na karatasi ya picha mahali pa filamu, haiwezi kutoa picha kali, na kwamba ukungu wake ndio haiba yake. Nimeisikia kwa wapiga picha wa Kisii mjini wanaofanya kazi na kamera za kidijitali. Nimeisikia kwa walimu wa vilabu vya sayansi huko Nyamira. Nimeisikia zaidi kwa wageni wanaokuja kutazama maonyesho huku sifa zao wakiwa wamekwisha kuziandaa. Husimama mbele ya picha ya mzee ambaye macho yake hayaonekani, wakaitikia kwa kichwa, wakasema picha hii ina roho.

Naipinga kauli hiyo, na naipinga yote. Ukungu wa kamera hizi una chanzo, chanzo kina kipimo, na mara nyingi kipimo chenyewe ni milimita mbili au tatu ambazo mtu mwenye rula, ubao na alasiri moja yenye jua anaweza kuzisaka akazipata. Kijana aliyerandia mbao zake, akasaga kioo chake na kupaka rangi nyeusi ndani ya kisanduku chake, ukimwambia aishie hapo kwa sababu ukungu unapendeza, umemkata mkono akiwa bado kazini.

Nina picha moja ya aina hii mezani. Ni ya mama muuza ndizi wa Keroka. Ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkungu ameupakata, leso imefunika magoti. Uso wake ni doa jeupe lenye vivuli viwili mahali pa macho. Wengi wanaoitazama huishia hapo, wakasema basi, kamera ya mbao hiyo. Hawateremshi macho. Chini, kwenye magoti, mshono wa pindo la leso unaonekana uzi kwa uzi. Ndizi zilizo mbele kabisa zina madoadoa meusi unayoweza kuyahesabu. Vidole vya mkono wa kulia, vile vilivyoshika ncha ya mkungu, vina mikunjo na kucha. Halafu ukipanda kuelekea kifuani mambo yanaanza kulainika, na ukifika shingoni yamepotea.

Kamera hiyo ina uwezo wa kuona uzi wa leso. Kioo chake cha kukuzia kina ukali wa kutosha, mbao zake hazikutikisika, na mama hakujongea, maana angejongea hata vidole vingepotea. Kilichotokea ni kwamba mahali pa ukali pako sentimita thelathini na kitu mbele ya uso wake. Anayeiita hali hiyo roho ya kamera anieleze kwa nini roho imependa magoti.

Sababu ipo, na ndiyo inayowakatisha tamaa vijana wengi kuliko nyingine zote, kwa kuwa haionekani kwa jicho. Kijana aliyempiga picha mama huyo alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Aliweka kioo kilichosagwa nyuma ya kamera, akajifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, akasogeza kisanduku cha ndani mbele na nyuma mpaka macho ya mama yakawa makali kwenye kioo. Akakaza. Akatoa kioo, akaingiza karatasi, akafungua lenzi. Jicho lake lilisema kweli. Karatasi nayo ilisema kweli. Tatizo ni kwamba jicho na karatasi havioni mwanga mmoja.

Jicho la binadamu huhisi zaidi kijani na manjano, na hapo ndipo linapoamua kwamba kitu kimekuwa kikali. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe huhisi zaidi buluu na zambarau, ndiyo maana tunaishika chini ya taa nyekundu bila kuiharibu. Kioo cha kukuzia ni kipande kimoja tu cha kioo, na kipande kimoja hakiwezi kuzikutanisha rangi zote mahali pamoja. Buluu hupindwa zaidi, kwa hiyo hukutana karibu zaidi na lenzi. Chukua kioo chenye urefu wa fokasi wa milimita 150, kama vile vinavyouzwa kwa wazee wa kusoma Biblia. Mtu akikaa mita 2 mbele yake, picha yake katika mwanga wa kijani huundwa milimita 162 nyuma ya lenzi. Katika mwanga wa buluu huundwa milimita mbili na nusu hivi kabla ya hapo. Kijana amekaza kamera penye 162. Karatasi imekaa penye 162. Buluu ya uso wa mama imeshakutana na kutawanyika tena kabla ya kuifikia. Kinachofika kikiwa kimekutana sawasawa ni buluu ya vitu vilivyo karibu zaidi na kamera, yaani vitu vya mita moja na theluthi mbili. Magoti, leso, ndizi.

Hesabu hiyo haina siri. Antoine Claudet, Mfaransa aliyefungua studio yake London mwaka 1841, alihangaika na jambo hili hili katika siku za mwanzo kabisa za upigaji picha, akatengeneza kifaa cha kulipima: vipande vilivyopangwa kwa umbali tofauti, kila kimoja na namba yake, ili baada ya kupiga picha uone ni namba gani iliyotoka kali na uilinganishe na ile jicho lililoichagua. Wala hakusema ukungu ni haiba ya mashine yake. Alitaka kujua karatasi, au kwa upande wake bamba la fedha, linaona wapi.

Kifaa chake tunaweza kukiunda hapa Daraja Mbili, Kisii mjini, kwa ubao mmoja. Ulaze ubao kwa mshazari, uanzie mita moja na nusu kutoka kwenye lenzi mpaka mita mbili na nusu, ubandike namba kubwa kila baada ya sentimita tano. Weka fokasi kwa jicho kwenye namba ya katikati. Piga. Safisha karatasi. Soma namba iliyo kali. Ukikuta ukali umekuja mbele, kama kwa mama wa Keroka, kioo kilichosagwa kinahitaji kurudishwa nyuma kidogo kuliko mahali karatasi inapokaa, ili jicho likiridhika, karatasi iwe karibu zaidi na lenzi kwa kiasi kile kile. Karatasi za kawaida za A4 zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kata vipande vyembamba, panga ishirini na tano chini ya fremu ya kioo, kaza skrubu, jaribu tena kwenye ubao ule ule. Ongeza viwili, toa vitatu. Kazi imekwisha, na kwa picha za uso za umbali ule hutairudia tena isipokuwa umebadilisha lenzi.

Najua jibu linalokuja hapa, kwa sababu huwa linatolewa na watu wenye uzoefu na hutolewa kwa upole: punguza tundu la lenzi, mambo yatajipanga yenyewe. Ni kweli kwamba tundu dogo husamehe. Kwa picha inayotazamwa mkononi bila kukuzwa, tundu la f/8, ambalo kwa lenzi hii ni duara la milimita 19, linakuruhusu kukosea milimita 0.8 kila upande. Tundu la f/32 linakuruhusu zaidi ya milimita 3, na kosa la buluu linamezwa lote. Lakini wanaotoa ushauri huo wanasahau kuutaja muda. Karatasi ya picha ni nzito kupokea mwanga, wepesi wake ni kama ISO 6. Mtu akiketi kivulini chini ya paa la mabati mchana, f/8 inataka theluthi moja ya sekunde, na f/32 inataka sekunde tano. Mkalishe mtoto wa miaka minne sekunde tano. Mkalishe nyanya wa miaka themanini ambaye kichwa chake hutikisika kidogo. Utakuwa umeondoa ukungu wa fokasi na kuleta ukungu wa mtikisiko, halafu yule mgeni wa maonyesho atausifu huo nao. Tundu dogo linafaa kwa milima ya Manga, ambayo haipepesi macho. Nyuso zinataka tundu kubwa, na tundu kubwa linataka kipimo.

Makosa mengine nitayataja haraka kwa kuwa dawa yake ni nyepesi. Kioo kilichosagwa, kile ambacho vijana hukisaga kwa pesti ya mafundi wa injini wanayosagia vali, lazima upande wake wenye mkwaruzo uelekee lenzi. Ukikigeuza, umekosea karibu theluthi mbili za unene wake, na kwa kioo cha dirisha cha milimita 3 hizo ni milimita 2 nzima. Karatasi iliyojikunja katikati ya kishikio nayo hula milimita nzima, hasa siku kavu. Ibandike pembe zake kwa utepe wenye gundi pande mbili. Kisanduku cha ndani kinachocheza ndani ya kile cha nje hutega lenzi upande, na hapo jicho moja hutoka kali na jingine hapana.

Mbao zinastahili maneno zaidi, kwa sababu ni jambo letu la nyumbani. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mbao nyingi zinazouzwa huku, saiprasi na mkaratusi, hufika kwa fundi zikiwa bado na maji. Ubao hauvimbi wala kusinyaa sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi zake haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Kwa upana, ukikauka kutoka ubichi wa msimu wa mvua hadi ukavu wa Januari, unaweza kupoteza asilimia moja bila shida, hata zaidi. Sasa fundi akikata mbao za ubavuni huku nyuzi zikisimama wima, asilimia moja ya milimita 162 ni zaidi kidogo ya milimita moja na nusu. Kamera uliyoipima na kuikaza Aprili ikawa sawa, Januari imekuwa nyingine, nawe hukuigusa. Hapo ndipo unaposikia watu wakisema kamera za mkono zina tabia zake, kwamba siku nyingine zinakubali na siku nyingine zinakataa. Kamera haina tabia. Mbao zake zimekatwa upande usiofaa. Nyuzi zikielekezwa kule lenzi inakotazama, umbali unabaki ule ule mvua inyeshe isinyeshe. Nilipomweleza hili fundi mmoja wa Suneka anayetengeneza milango, hakushangaa hata kidogo. Aliniambia, "Mwalimu, ndiyo sababu mlango haubani kwa urefu, unabana kwa upana." Alikuwa na elimu yote iliyohitajika. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kundi la pili la wapinzani linasema maneno mengine lakini linafika pale pale. Hao hawapendi ukungu, ila wanaamini tiba ni kununua: kamera ya kiwandani haina matatizo haya, acheni kupoteza wakati. Wanasahau viwanda vilipitia wapi. Oskar Barnack aliiunda Leica ya kwanza kwa mkono, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kamera ilipoingia sokoni mwaka 1925 lenzi yake ilikuwa haitoki. Mwaka 1930 kampuni ilipotoa muundo wa kubadilisha lenzi, umbali kati ya mdomo wa kamera na filamu haukuwa sawa kwa kila kamera, kwa hiyo kila lenzi ililinganishwa na mwili wake mmoja na kuandikwa tarakimu za mwili huo. Ulikuwa huwezi kuazima lenzi ya jirani. Mwaka 1931 wakausawazisha umbali huo, milimita 28.8, na kamera zilizofuata kipimo zikapigwa alama ya sifuri mdomoni. Nikon nayo ilichagua milimita 46.5 mwaka 1959 na haijaibadilisha kwenye kamera zake za F tangu hapo. Ukali wa kamera za kiwandani ambao tunauheshimu hivi ni namba iliyolindwa. Mafundi wale nao walianza kwa kulinganisha kipande kimoja kimoja, kama tunavyopaswa kufanya sisi, na tofauti kati yao na sisi ni kwamba hakuna mtu aliyewapigia makofi walipokosea.

Sasa nirudi kwa wale wa sanaa, maana wao ndio wenye nguvu. Watamtaja Julia Margaret Cameron, mwanamke wa Kiingereza ambaye katika miaka ya 1860 alipiga nyuso laini zenye ukungu akakosolewa na wapiga picha wa zama zake, na leo zimetundikwa katika majumba makubwa ya makumbusho. Watamtaja Miroslav Tichý wa Chekoslovakia, aliyejiundia kamera kwa makopo na maboksi. Mifano yote miwili ni ya kweli, na yote miwili hainipingi. Cameron alikuwa na lenzi za kununua na kioo cha kutazamia. Alisimama alipotaka kusimama. Tichý alisomea sanaa ya uchoraji Prague na aliutaka ukungu wake. Mtu anayeweza kuwa mkali akachagua ulaini amechagua. Kijana wa Nyamira anayelenga macho akapata magoti hajachagua chochote, na kumvika joho la Cameron ni kumsifu kwa jambo ambalo hakulitenda.

Tena kuna swali la nani anayepewa ruhusa hii ya kukosea. Nendeni Tabaka, kule Mugirango Kusini, muwatazame wachongaji wa mawe ya sabuni. Jiwe linatoka machimboni, linakatwa kwa panga na msumeno, linachongwa kwa kisu, kisha linasuguliwa kwa msasa na maji mpaka uso wake uteleze, halafu linapakwa nta. Mnunuzi akiweka sahani ya Tabaka mezani na sahani ikayumba, anairudisha. Hamwambii mchongaji kwamba kuyumba ndiyo roho ya Kisii. Elkana Ong'esa, mwana wa sehemu hizo, sanamu yake ya ndege wa amani imesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na iko hapo kwa kuwa ilichongwa na mtu anayejua jiwe litavunjika wapi. Katika mawe tunadai usahihi wa mkono na tunaupata. Katika kamera, mkono ule ule wa Mgusii unaambiwa kwamba kutojali ndiko kunakopendeza. Sioni sababu ya tofauti hiyo isipokuwa kwamba kamera haihesabiwi kuwa kazi yetu, na kwa hiyo tukiigusa tu tumeshatosha.

Na elimu yake iko hapa, imelipiwa karo. Mwanafunzi yeyote aliyefika kidato cha nne akisoma fizikia chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 amesoma mada ya lenzi. Amesimamisha mshumaa, lenzi na kiwambo cheupe juu ya meza ya maabara, amevisogeza mpaka mwali umeonekana mkali, amepima kwa rula na kuandika jedwali. Kabla ya hapo, kidato cha pili, ameshika kalipa na kusoma sehemu za kumi za milimita. Shule ya Nyambaria, iliyozungumzwa nchi nzima baada ya matokeo ya mtihani wa KCSE wa 2022, iko Nyamira. Hatuna upungufu wa watu wanaojua kwamba kitu kikisogea karibu, picha husogea nyuma. Tunacho kizazi kizima kilichofanya jaribio hilo kwa ajili ya alama, kisha kikaambiwa na wapenda sanaa kwamba halihusiki na kamera.

Jambo moja nawakubalia. Pembe za picha za kioo cha kukuzia zitabaki laini hata upime namna gani, kwa kuwa kipande kimoja cha kioo huunda picha iliyopinda kama ndani ya bakuli, nayo karatasi ni bapa. Hilo ni la lenzi yenyewe. Nalipenda, sina ugomvi nalo. Uso ukiwa katikati na ukali ukiwa machoni, pembe zilizolainika hazimfichi mtu.

Kwani anayefichwa ni nani? Katika familia nyingi za Kisii na Nyamira, mtu akifariki, picha yake hukuzwa na kuwekwa kwenye fremu, hubebwa mbele ya jeneza, na uso huo huo huchapwa kwenye jalada la ratiba ya mazishi. Watu huzitafuta picha hizo usiku, kwenye sanduku, kwenye albamu ya harusi ya mtu mwingine, kwenye simu za wajukuu. Kuna watu wa vijijini ambao picha yao nzuri ni moja tu maishani. Siku ambayo kijana mwenye kamera ya mbao anamkalisha mtu wa namna hiyo kwenye kiti cha plastiki, huenda anapiga hiyo moja. Wanawe hawatauliza kama ina roho. Watauliza kama ni yeye.

Ninachodai kwa wanaoandaa maonyesho na mashindano ya kamera hizi ni kitu kimoja. Kabla ya picha yoyote kutundikwa, mwenye kamera alete karatasi mbili: ya ubao wa namba, na ya uso uliopigwa kwa fokasi ile ile. Nyuma ya kamera paandikwe kwa kalamu umbali uliopimwa na idadi ya vipande vya karatasi vilivyo chini ya kioo. Akipenda baada ya hapo kusogeza kioo kwa makusudi na kupiga ukungu, apige, nami nitakuwa wa kwanza kuja kuutazama. Mama wa Keroka bado anauza ndizi pale pale, na kijana yule ameniahidi kurudi naye kwenye kiti baada ya kuweka vipande vyake ishirini na tano.